Mbuzi Hufungwa Wakati wa Mvua

Arua, Jumatano 30 Juni 1993

Daftari hili nimepewa leo na Mzee Ratilal. Amesema niandike kila jioni ulimi wangu umefanya nini. Nikamwambia ulimi wangu ukiandikwa wote, karatasi za Arua nzima zitaisha. Akacheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea. Mimi ni Kulusum, Mnubi wa hapa Arua, fundi wa cherehani, mjane, miaka hamsini na tatu. Shule nilisoma Kibera kwa shangazi yangu, ndiyo maana naandika Kiswahili cha vitabuni, japo sokoni naongea kama wenzangu. Mtoto ninaye mmoja tu, Medina. Mwaka jana aliolewa Koboko na kijana anaitwa Lado, ambaye alisilimu kwa ajili yake. Siku ya harusi mama yake Lado, Rosa Kiden, aliniletea wali kwenye sahani ya bati iliyobonyea. Mimi, mbele ya watu mia mbili, nikasema: "Watu wa kambi hawa. Wamezoea posho ya kugawiwa, sahani ya mgeni wataijulia wapi?"

Watu wa Koboko karibu wote walikimbilia Sudan baada ya vita vya sabini na tisa, wakakaa kambini miaka. Sisi wa Arua tulikimbilia Aru, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, kwa ndugu, tukala kwa ndugu. Basi neno lile halikuwa na mpenzi hata mmoja. Hakuna aliyecheka. Medina alilia, na tangu siku ile hajaniita Mama wala hajakanyaga kwangu.

Sasa ana mimba ya miezi minne. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Binti anarudi nyumbani, anajifungua, na mama yake anamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji siku arobaini. Leo Susana, anayeleta vitunguu kutoka Koboko, ameniletea neno kwamba Medina atazalia Lobule, kijijini nje ya Koboko, kwa Rosa Kiden. "Amesema nyumba yako iko na miiba," Susana akasema. Nikamtukana Susana, maskini, ambaye kosa lake ni kuwa na masikio.

Mzee Ratilal alisikia yote kutoka dirishani. Huyu ni Mhindi aliyezaliwa hapa, akafukuzwa pamoja na Wahindi wenzake mwaka sabini na mbili, akakaa Uingereza hadi mke wake akafa, na mwaka huu amerudishiwa duka lake la zamani. Mimi nilikuwa nimeweka cherehani yangu kwenye veranda ya duka hilo miaka sita. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake aliuliza kama najua kupika dengu. Kwa hiyo nampikia, bila nyama, bila samaki, bila yai, bila kitunguu, bila saumu, na Mungu ndiye anajua kinachobaki.

Leo ameanza mfungo wa miezi minne ya mvua, Chaturmasi anauita. Atakula mara moja tu kwa siku, sahani moja, asiongeze. Kila mwezi anaacha kitu: kwanza mboga za majani, halafu mtindi, halafu maziwa, halafu dengu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mama Medina," akasema, "wewe naona watu ya huku. Wakati ya kiangazi naachia mbuzi natembea. Wakati ya mvua nafunga kamba, kwa sababu shamba iko na chakula ya watu. Macho, sikio, pua, ngozi, ulimi, hii yote mbuzi tano. Mimi nafunga."

"Na ipi inasumbua?"

"Ulimi. Ingine iko na kazi moja. Ulimi iko na kazi mbili, kuonja na kusema. Mimi nafunga ya kuonja. Wewe funga ya kusema. Medina atasikia."

Nimekubali. Nikikaa miezi minne bila kumchoma mtu, mwanangu atakuja kuzalia kwangu.

1 Julai

Nimekaa kimya mpaka saa nne asubuhi.

2 Julai

Mpaka saa tatu.

5 Julai

Mvua. Mwalimu mmoja ameleta suruali ipanuliwe kiuno kwa mara ya tatu mwaka huu. Sikusema kitu. Lakini niliwaza neno, tena zuri. Mzee anasema kuwaza nako kumo. Dini yake kali jamani.

11 Julai

Nimepata dawa. Hasira ikija naweka pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hawezi kusema, na mteja haoni ajabu. Leo alikuja Kaltumu, jirani yangu, akaniambia Medina anafanya vizuri kukaa mbali. Niliweka pini kumi na moja. Aliondoka akiwa mzima.

19 Julai

Mvua, mvua, mvua. Mzee ameacha mboga za majani. Mimi na yeye tulikaa verandani tukitazama barabara ikigeuka mto. Amenionyesha kivumbasi alichopanda kwenye mkebe, anakimwagilia kila asubuhi na kukisalimia kwa mikono miwili. Zamani ningecheka. Leo niliona mtu mzima anasalimia mmea, basi, kuna wanaosalimia chupa.

31 Julai

Susana amekuja na vitunguu. Anasema Medina alimuuliza: "Bado anatukana?" Naye akajibu, "Siku hizi ananyamaza, mdomo iko na pini." Medina akacheka. Nilimwambia Susana anieleze alivyocheka, akanieleza mara tatu. Nimemshonea mfuko wa kanga bure.

18 Agosti

Leo nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki, Mzee akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye habari. Kumbe kwenye kalenda yao mwaka huu mwezi mmoja unarudiwa, unakuja mara mbili. Chaturmasi ya mwaka huu ni miezi mitano.

Nikamwambia hata Ramadhani, pamoja na ukali wake, haijawahi kuongezwa mwezi. Akasema, "Mungu naongeza, mimi nafanya nini?" Kisha akanicheka. Nikaweka pini.

30 Agosti

Maulidi. Nimeswali, nimekula kwa watu, nimesifu pilau ambayo haikustahili. Mungu anaona.

9 Septemba

Mzee ana malaria. Amemeza vidonge lakini sahani yake moja inarudi nusu. Mikono imekuwa vijiti. Nimemsihi ale mara mbili hadi apone, amekataa.

13 Septemba

Homa imeshuka lakini anashika ukuta akitembea. Siwezi kumtazama. Baba yangu alikufa hivi hivi, akikataa uji.

14 Septemba

Nimefanya jambo na nitaliandika, kwa sababu hili ndilo daftari la ukweli. Nimesaga angara, wale samaki wakavu wa Mto Naili, nikawasaga hadi wakawa vumbi, nikatia vijiko viwili kwenye dengu. Kwetu mgonjwa hurudishwa na angara, hata mtoto anajua. Yeye hatajua. Ni dawa, siyo chakula. Amemaliza sahani yote.

15 Septemba

Amemaliza tena. Akasema, "Mama Medina, leo dengu iko tamu sana." Akatazama sufuria.

16 Septemba

Leo ameomba aongezewe. Miezi miwili na nusu hajawahi kuongeza. Nikampakulia, huku nafurahi kuona shingo yake inarudi.

18 Septemba

Ameongeza tena, halafu akaenda kukaa mbele ya picha ya mungu wake muda mrefu. Alipotoka, macho mekundu. Anasema miaka arobaini amefunga ulimi wa kuonja, na sasa, uzeeni, umekata kamba. Asubuhi anaamka anaifikiria dengu. Akisali anaifikiria dengu. Ameona aibu, na kuanzia kesho atakunywa maji tu siku saba, aurudishe.

Siku saba! Mtu aliyekuwa anashika ukuta wiki iliyopita. Nimejiwekea mtego mwenyewe. Nisiposema atakufa, nikisema sijui.

19 Septemba

Nimesema. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nilitoa pini mdomoni ili niseme. Nilimwambia, "Mzee, si ulimi wako. Ni mimi. Nilitia angara."

Hakuelewa mara moja. Akauliza angara ni kitu gani. Nikamwambia samaki. Akasimama, akashika koo lake kama linaungua. Halafu yule mzee mpole, anayesalimia kivumbasi, akapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka milangoni.

"Wewe mutu chafu! Miaka sitini na tisa mimi hapana kula damu! Wewe nachafua mimi, nachafua nyumba! Toka veranda yangu! Toka na cherehani yako!"

Neno la kumjibu lilikuja lenyewe, limekamilika, limepigwa pasi. Lilihusu mke wake aliyefia Uingereza, na duka aliloliacha, na nani alilinda milango yake isichomwe kuni yeye hayupo. Najua lingemwangusha pale pale. Sikulisema. Nilifunga cherehani, nikaibeba kichwani kwenye mvua, nikaenda kukaa chini ya paa la mashine ya kusaga, ng'ambo.

Nililia, naam. Lakini niseme kweli: ndani ya kilio kulikuwa na ushindi. Nilijiona bora kuliko yeye. Nilisema moyoni, tazama, mbuzi wa nani amekata kamba leo?

20 Septemba

Nashona chini ya paa la mashine. Unga unaingia kwenye nyuzi. Duka lake limefungwa. Sijampikia. Nimetazama ule mlango siku nzima.

21 Septemba

Amekuja.

Mvua ilikuwa inanyesha bado. Alivuka barabara bila mwavuli, ndara zikinasa kwenye tope, mara mbili karibu aanguke, na watu wote wa mashine wakitazama. Alisimama mbele yangu, mbele yao wote, akaunganisha mikono kama anavyosalimia mmea wake.

"Mama Medina, samahani. Mimi nasema mbaya mbele ya watu, kwa hiyo mimi naomba mbele ya watu. Wewe hapana chafu. Wewe nafikiri mimi nakufa. Miaka arobaini mimi nafunga ulimi ya kuonja, nasema, mimi mshindi. Ya kusema naachia tu, hapana angalia. Siku moja natoka, nauma wewe."

Nikasimama, nikamwambia na mimi nimekosa. Nilimdanganya mgonjwa kwa sahani yake mwenyewe. Mtu angeniwekea mimi nguruwe kwenye sahani kwa kunihurumia, ningevunja nyumba. Akasema kweli, ungevunja. Tukacheka wote wawili, na unga wa mashine ukinidondokea kichwani. Kijana mmoja akanibebea cherehani hadi verandani.

22 Septemba

Mzee amefunga siku moja kwa maji, ameoga maji ya baridi mara tatu, basi, amemaliza. Mimi ndiye sijamaliza.

Nimekuwa nikiandika humu siku za kunyamaza na kujipongeza. Lakini maneno yaliyomchoma Rosa Kiden yako pale pale mdomo wangu ulipoyaangusha. Kunyamaza kwangu kote hakujayaondoa hata moja. Mzee alikaa na kosa lake siku mbili, akavuka barabara. Mimi nimekaa na langu mwaka na zaidi.

Na jingine. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili niliandika uongo. Niliandika kwamba Aru tulikula kwa ndugu. Ndugu walitufukuza siku ya tatu. Nilisimama kwenye mstari wa misheni na bakuli, nikapewa unga wa njano na maharage, miezi kumi na nne. Medina alikuwa na miaka minane, akinishika gauni kwenye mstari. Kwa hiyo siku ya harusi niliposema "watu wa kambi," yeye peke yake pale alijua mama yake ni nani. Ndiyo maana alilia vile. Hata mimi nimeelewa leo, nikiandika.

2 Oktoba

Mzee ananiambia kwa aibu kwamba dengu bila samaki sasa haina ladha. "Zamani mimi hapana jua. Sasa najua. Hii ndiyo taabu." Nimempa pole. Nilicheka nikiwa jikoni.

9 Oktoba

Nimekwenda Lobule. Pikapu hadi Koboko, halafu baiskeli, nimekaa nyuma, miguu yote upande mmoja. Rosa Kiden alikuwa shambani anakata simsim, yaani ufuta. Aliniona kutoka mbali, akaendelea kukata. Nilipofika akanipa kamba, nikafunga mafungu naye hadi jua likawa la kichwa. Yule mama mkono wake mwepesi, na anaimba kwa pua. Sikuwahi kumtazama vizuri. Nilikuwa nimetazama sahani.

Nikamwambia, "Mama Lado, siku ya harusi nilisema vibaya. Nimekuja kuomba msamaha."

Akafunga fungu lake, akalisimamisha, akapangusa mikono.

"Mama ya Medina, mimi nasikia. Lakini wewe nasema mbele ya watu mia mbili. Hapa sisi iko wawili tu. Watu ya Lobule bado naniita mama ya posho."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa la zamani, la kuchoma, nikalimeza.

Nikirudi nilisimama Koboko, mlangoni kwa Medina. Tumbo kubwa, miguu imevimba, uso wa baba yake. Alinipa maji kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Umefika salama?" Hakuniita kitu chochote. Nikanywa maji yote, nikaomba mengine, ili nisimame pale zaidi.

11 Oktoba

Hasira. Watu mia mbili anataka! Angechukua pole yangu kama ilivyo. Nimempigia Mzee kelele zote hizo. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Yeye nasema uongo?" Nikamwambia hapana. "Basi," akasema, akarudi kwenye sala yake. Naomba kuandika kwamba kuishi na mtu wa dini ni kazi.

30 Oktoba

Susana anasema ni hakika sasa, Medina amehamia Lobule kungoja. Godoro nililomshonea Medina nimelikunja. Siku arobaini zangu zimekwenda.

8 Novemba

Mvua inapungua. Suruali ya mwalimu, mara ya nne.

20 Novemba

Susana kaja mbio, hata vitunguu kaviacha. Alhamisi Medina amezaa mtoto wa kike, wote wazima. Atapewa jina Jumatano. "Rosa Kiden amesema uje," Susana akasema. "Amealika watu mingi sana."

Nimempa Mzee habari. Jumatano ndiyo siku yake ya kufungua. Nikamwambia mambo yamegongana, nani atampikia? "Mimi nakula mara mbili peke yangu," akasema. "Wewe nenda." Halafu akanishika kichwa kwa mkono wake mkavu, kama binti yake. Mwaka huu nimempenda huyu mzee na mbuzi zake zote, sioni haya kuandika.

Lobule, Jumatano 24 Novemba

Watu sikuwahesabu. Walijaa uwanja, wakajaa chini ya turubai, akina mama wa kanisani wa Rosa Kiden upande mmoja, Waislamu wa Koboko upande mwingine. Shehe akamwadhinia mtoto, wakampa jina Afisa. Kisha Rosa Kiden akanitazama.

Nikasimama. Nikasema:

"Mnanijua. Mimi ni mama ya Medina. Mwaka jana kule Koboko nilimwita mama huyu mtu wa posho. Sasa nisikilizeni. Mwaka wa themanini mimi nilikimbilia Aru. Nilisimama kwenye mstari na bakuli miezi kumi na nne. Bila unga ule wa kugawiwa, huyu Medina asingekuwepo, na mtoto huyu asingekuwepo. Niliyaonea haya maisha yangu, nikayatupa kwa mama Lado. Mtu wa posho ni mimi. Mama Lado, mbele ya wote hawa, nisamehe."

Mzee mmoja akasema, "Na mimi iko kwa mstari ya Aru. Nyuma yako." Mama mwingine akataja kambi yake, mwingine yake, hadi uwanja ukawa wa watu wanaotajiana vyakula vya kambi na kucheka na kupangusa macho. Rosa Kiden akanivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka wake, akaleta wali. Nikala.

"Medina hapana toka hapa siku arobaini," akaniambia wakati nikila. "Mimi iko na simsim ya kupiga. Nani nakanda yeye? Kaa."

Kwa hiyo nitakaa siku arobaini kwenye nyumba ya mama Lado, nikila chakula chake. Nimeandika haya mchana, mlangoni, watu wakitawanyika, maji ya kumkanda Medina yakiwa motoni. Nilikuwa nikitafuta neno la kumpelekea mwanangu ndani, lenye mwaka mzima na nusu ndani yake. Nilikuwa nalo karibu. Ndipo sauti yake ikatoka chumbani, ya uchovu, ya kawaida kabisa:

"Mama, maji bado hayajachemka?"

Nimeweka kalamu. Nakwenda kuongeza kuni.